Wateja Nitawajibu Mwenyewe

Mingoyo, baada ya swala ya alasiri

Somoe mwanangu, mboni ya jicho langu na mkaguzi wa maneno yangu,

Umekwenda Lindi mjini kwa shangazi yako, na ninavyomjua wifi yangu hatakuachia uondoke kabla hujala ukashiba na kufungiwa cha njiani. Basi nafasi nimeipata. Nimekaa kibarazani na karatasi, kalamu nimeiazima kwa baba yako, naye ameniuliza kwa nini nisikutumie ujumbe wa simu kama watu wengine. Nimemwambia ujumbe wa simu utanijibu kwa kile kidole gumba chako kilichosimama, na leo sitaki kidole gumba. Barua hii nitaiweka juu ya begi lako. Uisome kabla hujampigia simu yule mwenye duka wa Dar es Salaam.

Habari za kula kwa wakati, kufunga mlango na kutopokea vitu vya watu usiowajua sikuandikii. Hayo utakuwa umeambiwa leo na shangazi yako mpaka masikio yamechoka.

Asubuhi ulipokuwa unatoka nilikuuliza, "Unakwenda kuaga?" Ukanijibu, "Sijui, Mama. Kama naaga au nasalimia tu, nitajua nikirudi." Tiketi ya kesho imekatwa, begi limefungwa, na kazi inakungoja: kukaa katika lile duka kubwa la vitambaa ukiwajibu wateja wao mitandaoni. Kazi yenyewe hukuiomba. Wao ndio waliokuona kwenye ukurasa wetu wa korosho wakakutafuta. Na bado jana tulipokuwa tunakula ulisema utawaomba wakusubiri mpaka msimu uishe, kwa sababu ukiondoka ukurasa utakufa na wateja watatawanyika. Mimi na wewe tunajua watu wale hawasubiri. Wamesema kesho kutwa usipoonekana dukani watamchukua mwingine.

Lipo neno hukulisema, lakini nililisikia. Huogopi kwamba ukurasa utakosa mtu wa kuandika. Unaogopa kwamba mtu huyo nitakuwa mimi.

Nilicheka peke yangu jikoni, halafu sikucheka tena. Una sababu ya kuogopa, mwanangu. Nimekupa sababu nyingi. Ngoja nizihesabu mwenyewe kabla hujazihesabu wewe.

Unajua mimi biashara niliijulia dirishani kwa basi. Pale njia panda, gari la Mtwara likisimama, huna muda wa kujieleza. Unainua sinia, unamtazama mtu usoni, unajua. Huyu anakwenda harusini, ana hina mkononi. Huyu ametoka kuzika, usimpigie kelele. Huyu ana njaa lakini anaona aibu kula mbele ya watu. Asiyenunua nilimwambia, "Nenda salama, utaninunulia ukirudi," na wengi walirudi kweli, wakanitafuta kwa jina wakati wenzangu wamewazunguka na masinia yao. Sikuwahi kuliita jambo hilo kitu chochote. Niliona ni adabu tu.

Kisha ukamaliza chuo ukarudi nyumbani, ukakaa siku kadhaa pale njia panda ukinitazama, ukaniambia, "Mama, hawa watu wanakupita tu. Wangekuwa wanaweza kukufuata je?" Nikadhani jua limekupiga. Mtu aliyeko Dodoma ananifuataje mimi niliyeko Mingoyo na sinia kichwani? Ukachukua simu ukanionyesha. Jioni ile ile tukawa na ukurasa unaoitwa Korosho za Mama Somoe, na mtu wa kwanza kutufuata alikuwa baba yako, ambaye anakula korosho zangu bure tangu anioe.

Unakumbuka picha ya kwanza iliyozungumzwa? Uliipiga mikono yangu ninapobangua. Mimi nilitaka upige korosho zilizopangwa vizuri kwenye sahani yenye maua, wewe ukasema sahani kila mtu anayo. Basi picha ikaenda na mikono yangu hii, myeusi vidoleni, makovu ya utomvu wa ganda, kucha zimeungua. Haikupita saa mama mmoja akaandika chini yake: "Mikono michafu hivyo, nani atakula?" Ukataka kuifuta komenti. Ulikuwa umenuna kwa ajili yangu mpaka nikakuonea huruma. Nikakuambia, "Lete hiyo simu, nimjibu." Nikaongea kwa sauti yangu: "Mwanangu, huo si uchafu. Ganda la korosho lina mafuta makali kama moto, yakikushika hayatoki kwa sabuni wala kwa dua. Ukiona mbanguaji ana mikono laini, muulize nani alimbangulia. Karibu Mingoyo nikupe jiwe na wewe ubangue, tuone utarudi na rangi gani."

Yule mama alicheka. Akaagiza. Mpaka leo anaagiza, na akiandika ananiita Mikono Michafu, nami namwita Jicho Kali. Asiyekujua hakuthamini, wanasema, na siku ile nilijionea kwamba mtu anaweza kukujua kupitia kidude kidogo kama kile, almuradi humfichi.

Hapo ndipo kichwa kilipovimba. Nilijiona bingwa. Ulipokuwa umelala asubuhi nilikuwa nachukua simu nawatumia wateja wote picha za maua yenye umande na dua ndefu za Ijumaa, na video za mapishi ya watu wengine, na onyo la kimbunga lililokuwa la nchi nyingine kabisa. Nilidhani kumsalimia mtu kila alfajiri ni mapenzi. Siku ukaniambia, "Mama, wamekublok," nikakuuliza ni ugonjwa gani huo. Ulipoeleza nikaumia, kisha nikakumbuka kwamba pale njia panda sikuwahi kumfuata abiria mpaka kitini kwake nikamwamsha nimwambie asubuhi njema. Adabu niliyokuwa nayo chini ya jua niliisahau nilipopewa simu. Kuanzia hapo nikajifunza kumwandikia mtu mmoja neno lake mwenyewe: mtoto amepona? Ile safari ya Tabora iliendaje? Ukaona mwenyewe jinsi walivyoanza kujibu.

Lakini haya ni ya kuchekesha. Lile unaloliogopa ni la Mzee Selemani.

Nitalisimulia lote, hata sehemu unazozijua, kwa sababu ipo sehemu huijui. Wewe ulitazama skrini wakati ule. Mimi nilikuwa na simu sikioni.

Mzee Selemani alikuwa mtani wangu. Ukoo wao na ukoo wetu ni watani tangu babu zetu, na wewe umekua unamwona akipita pale mezani kwangu, anachota korosho kiganja kizima, anatia mfukoni, na hasemi hata ahsante. "Nachukua changu," alikuwa akisema. Nami namwambia, "Chukua, mwizi mkubwa we, utazikwa nazo." Hakuna siku tuliyopishana bila kutukanana, na hakuna siku nilipougua asiwe wa kwanza kubisha hodi. Alipozeeka, binti yake Mwanaidi akamchukua Dar kumtibu. Mwanaidi ndiye aliyekuwa akituagizia korosho za wenzake wote wa ofisini, na kila furushi nilikuwa naweka pakiti moja pembeni, nimeiandika "ya mwizi."

Mauti yalimkuta huko huko, na wakamzika huko huko jioni ile ile. Nilipopata habari, mazishi yalikuwa yamekwisha. Unajua kwetu mtani ana kazi yake msibani. Ndiye anayeingia wakati watu wamezama katika kilio, anamtukana marehemu, anadai vitu vyake, analala kwenye jeneza akisema nafasi hii ni yangu, mpaka wafiwa wanajikuta wanacheka na machozi usoni. Kazi ile ni ya mtu mmoja na haina mbadala. Mimi nilikuwa Mingoyo, mtani wangu yuko chini ya udongo wa Dar, na sikuwa nimefanya kazi yangu.

Nikaiona picha ya mzee ambayo Mwanaidi aliiweka kwenye ukurasa wake, watu wameandika pole, pole, pole, wote neno moja. Nikachukua simu nikaandika kwa jina la biashara yetu, maana ndilo lililokuwa wazi: "Alhamdulillahi, mwizi wa korosho amekufa, sasa nitapumua. Mfukueni mkamkague mifukoni, hajanilipa." Nilikuwa ninalia wakati naandika. Nilipomaliza nikahisi kifua kimekuwa chepesi, nikaenda kuwasha moto wa kukaangia.

Yaliyofuata unayajua. Maneno niliyoyaandika yakatoka mle yalimokuwa, mtu akayapiga picha, yakaenda kwa watu wasiomjua Mzee Selemani, wasionijua mimi, wasiojua hata kama duniani kuna kitu kinaitwa mtani wa msibani. Muuza korosho anashangilia kifo cha mteja! Walituita mashetani. Wakaandika msinunue kwa huyu mwanamke. Maagizo yakakatika kama maji ya bomba. Mdomo uliponza kichwa, na kichwa chenyewe kilikuwa na mtoto wake pembeni, ameshika simu.

Nakumbuka ulivyosema. "Mama, hii ni noma. Tuseme sio sisi. Tuseme ukurasa umeingiliwa." Ukaandika: ndugu wateja, ukurasa wetu ulivamiwa na watu wasiojulikana, maneno yale si yetu. Ukanionyesha kabla hujatuma. Somoe, nilisoma kila neno, nikakuambia, "Tuma." Tangu siku ile unalibeba jambo hili kama lako peke yako, na mimi nimekuacha ulibebe. Ulikuwa mtoto anayetaka kumwokoa mama yake. Mimi nilikuwa mtu mzima ninayemjua mtani ni nani. Nilisema tuma kwa sababu niliogopa kurudi kusimama juani na sinia.

Watu wakatuamini. Wakaandika, poleni sana, wezi wa mitandao wabaya. Nikashangaa jinsi uongo unavyonunulika haraka kuliko korosho.

Kisha Mwanaidi akapiga simu. Wewe ulikuwa umekwenda dukani. Akanisalimia, "Shikamoo mtani," kwa sauti ndogo ya mtu aliyemaliza machozi. Nikasema marahaba, nikaanza kumwaga pole zangu kama watu wote. Akanikatiza.

"Mtani, nataka kukuuliza. Ni kweli si wewe uliyeandika?"

Nikanyamaza.

"Maana baba, siku zile za mwisho, alikuwa anatuambia, nikifa msikilizeni yule mwanamke wa Mingoyo atasema nini. Alikuwa anacheka akisema hivyo. Basi nilipoyasoma yale maneno nilicheka, mtani. Ndiyo mara ya kwanza nilicheka tangu afe. Nikamsomea mama ndani, amejifunika khanga, nikasikia anacheka humo ndani ya khanga. Tukasema, haya, mtani wake amefika. Halafu kesho yake nasoma kwamba si nyie. Kwamba ni wezi. Sasa nataka kujua tu. Baba yangu amezikwa na mtani au bila mtani?"

Mwanangu, mimi nimeungua na utomvu, nimezaa, nimezika wazazi wote wawili. Sijui kama kuna kitu kilichonichoma kama swali lile. Dunia nzima ilikuwa imenitukana kwa maneno niliyoyasema, na mfiwa mwenyewe alikuwa analia kwa sababu niliyakana.

Nikamwambia, "Ni mimi, Mwanaidi. Ni mimi niliyeandika. Na bado namdai."

Akalia kwa kwikwi, nami nikalia. Kisha akasema, "Ahsante, mtani," akakata simu.

Hayo ndiyo usiyoyajua. Ulirudi kutoka dukani ukanikuta nimevaa khanga yangu ya kutokea, nikakuambia nishikie simu nizungumze, na ulidhani nimepata wazimu. Ulinishikia hata hivyo. Nikasema mbele ya kila mtu kwamba ukurasa haukuvamiwa, maneno ni yangu, Mzee Selemani alikuwa mtani wangu, na kwetu mtani akikanusha maneno yake msibani amemvua marehemu nguo. Nikasema niliwadanganya kwa kuogopa. Uliposhusha simu uso wako ulikuwa umejaa aibu, na nilidhani unanionea aibu mimi. Baadaye sana nikaelewa kwamba ulikuwa unajionea wewe.

Sitakudanganya kwamba mambo yalinyooka. Wengine walielewa, na Mwanaidi alikuja kututetea kwa jina lake kamili. Wengine walisema kwanza mashetani, sasa waongo. Yule dada aliyekuwa akichukua korosho za kugawa kwenye sherehe hakurudi tena, na simlaumu. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini waliobaki walibaki kwa namna nyingine. Walianza kunisimulia watani wao. Mzee mmoja wa Songea aliniandikia ujumbe mrefu kuhusu mtani aliyemwibia viatu siku ya mazishi ya mama yake, na mwisho akaagiza kilo mbili kama aliyekumbuka njiani.

Na mimi nilijifunza kitu, ingawa kwa bei ya juu. Msibani neno la utani linaingia na mtu wake. Wanamwona mwenye kulisema, wanaona macho yake yamevimba, wanajua baba yake ni nani. Mtandaoni neno linasafiri peke yake, halina ndugu wa kulieleza. Basi sasa nikitaka kumtania mtu namfuata faraghani kwanza nimuulize, "Nikupe pole au nikutanie?" Ungeshangaa wangapi huchagua kutaniwa.

Ila wewe, tangu pale, hukuniamini na simu. Ulinipokonya kwa upole. Ukaanza kujibu wewe kila kitu, "Ndugu mteja, ujumbe wako umepokelewa, tutakuhudumia ndani ya muda mfupi." Maneno safi, yamepigwa pasi. Hakuna aliyelalamika. Lakini nilikuwa nachungulia, Somoe, nisamehe. Niliona Jicho Kali ameandika, "Mikono Michafu yuko wapi? Anaumwa?" na wewe ukamjibu kwamba huduma inaendelea kama kawaida. Nikaenda kubangua mpaka mkono ukafa ganzi.

Na hapa nakuja kwenye jana.

Uliposema utawaomba watu wa Dar wakusubiri, baba yako aliweka tonge chini akasema, "Mwache mtoto aende." Mimi nilinyamaza. Ulinitazama, ukaona nimenyamaza, ukafikiri ninakubaliana nawe kwamba sitaweza. Laiti ungejua. Nilinyamaza kwa sababu nilifurahi. Moyo wangu uliruka kama wa mtoto. Nikasema, habaki kwa ajili yangu, anabaki kwa ajili ya ukurasa, basi si dhambi yangu. Nikakutilia mchuzi mwingine. Mchuzi ule ulikuwa hongo, mwanangu.

Kwa hiyo sikiliza, na hili nalisema bila utani. Sitaki ubaki. Nataka sana ubaki, na sitaki ubaki. Ukibaki kwa sababu mama yako hajui kujibu wateja, utazeeka hapa ukinisahihisha nukta, na mimi nitakuwa nimekufunga kwa kamba ya ujinga wangu. Mimi si mjinga kiasi hicho. Nilikuwa na wateja kabla hujazaliwa. Baadhi yao walikuona ukiwa mgongoni kwangu, wakakupa pipi kupitia dirishani.

Huko unakokwenda utakaa mbele ya watu wengi kuliko wetu, na mengi utayajua kuliko mimi. Picha, saa za kutuma, namna ya kuandika bei ili mtu asikimbie, hayo mimi ni mwanafunzi wako. Nakuomba kimoja tu kwa sababu nimekilipia. Siku moja mambo yatakuharibikia. Rangi ya kitambaa itachuja, mtu atapiga kelele hadharani, na bosi wako atakuambia, "Sema ukurasa ulivamiwa," au maneno yanayofanana na hayo. Vidole vyako vitakuwa vimeshaanza kuandika. Hapo umtafute yule mtu mmoja aliyeumia, umpigie, umsikilize mpaka aseme kinachomuuma kweli. Mara nyingi si kile anachokipigia kelele. Mimi ningempigia Mwanaidi siku ile ya kwanza, nisingehitaji kuvaa khanga ya kutokea.

Na ukishindwa, ukasema uongo kwa sababu unaogopa kufukuzwa, usikae nao peke yako kama ulivyokaa na huu. Nipigie. Sitakuhubiria. Nitakuambia tu nilivyokuwa nimesimama pale, simu sikioni, nimenyamaza.

Jingine, usiwe safi mno. Unaandika vizuri kuliko watu wote ninaowajua, lakini wewe mwenyewe unachekesha, Somoe. Ukiwa na wenzako kisimani nakusikia mpaka huku. Yule msichana wa kisimani wateja wa vitambaa wangempenda. Hata wetu hawajawahi kukutana naye, kwa sababu uliogopa kufanana nami. Fanana nami kidogo. Si sana, kidogo tu, kwenye mdomo.

Jua linashuka na baba yako anataka kalamu yake. Namwona amesimama mlangoni anajifanya anaangalia kuku. Yeye hatasema, kwa hiyo naandika kwa niaba yake: alipokukatia tiketi alirudi nyumbani akaenda moja kwa moja shambani, saa ambayo hakuna mtu anayekwenda shambani.

Nimekwisha andika tangazo. Kesho basi likishakata kona, nitalituma kwenye ukurasa kwa mkono wangu. Neno la siri nalijua, ulilibadilisha ukaweka jina la nyanya yako, nilijaribu mara ya kwanza likafunguka. Hili hapa, ulisome, lakini usilisahihishe, maana litakwenda hivi hivi lilivyo:

"Wateja wangu, assalaam alaykum. Aliyekuwa akiwajibu kwa adabu alikuwa binti yangu Somoe. Leo amesafiri kwenda kazini Dar es Salaam, kazi nzuri, ameipata kwa akili yake. Kuanzia leo anayewajibu ni mimi, Mama Somoe mwenyewe, Mikono Michafu. Nitakosea. Mkiona nimekosea niambieni, nami nitasema ni mimi. Korosho zipo, za jana, zimekauka vizuri. Lakini leo nikichelewa kujibu mnisamehe. Ni mtoto wangu wa pekee, na nimetoka kumsindikiza sasa hivi."